Rangi ya ukurasa ikigoma kutoka kwenye karatasi: kwa mnaoanza kazi ya stesheneri

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya stesheneri, kuna lalamiko mtakalolisikia mapema sana: "Mbona kwenye kompyuta ina rangi, kwenye karatasi imetoka nyeupe?" Mteja kaleta kadi ya mchango wa harusi kwenye flashi, ukurasa mzima una rangi ya krimu. Unaprinti, yanatoka maandishi matupu. Wengi hukimbilia kusafisha printa au kubadilisha katriji, na wino unaishia huko bure. Printa ni nzima, faili nalo ni zima.

Word inavyokuja, rangi iliyowekwa kwa Page Color inaonekana kwenye skrini tu, haiprintiwi mpaka uiruhusu. Nenda File, kisha Options, kisha Display. Chini ya Printing options weka tiki kwenye Print background colors and images, halafu OK. Kwenye Mac sehemu hiyo iko ndani ya mipangilio ya Word yenyewe, upande wa Print. Mnaotumia LibreOffice, fungueni Tools, Options, LibreOffice Writer, Print, mhakikishe Page background ina tiki.

Hapo wengi huridhika, lakini jambo kubwa linaanzia hapo. Tiki hiyo inakaa kwenye kompyuta, haisafiri na faili. Mteja anaweza kuwa ameiweka nyumbani kwake na kadi ikamtokea vizuri kabisa. Akikuletea faili lilelile kwenye mashine isiyo na tiki, linatoka jeupe, naye ataamini umemharibia kazi yake. Ubaya unazidi pale alipochagua mwenyewe herufi nyeupe juu ya rangi ya bluu iliyokolea. Rangi isipotoka, nyeupe inaangukia juu ya nyeupe na majina ya bwana na bibi harusi yanapotea yote. Ukiona karatasi imetoka tupu namna hiyo, usiprinti tena. Kaangalie tiki kwanza.

Kwa hiyo kazi yoyote itakayofunguliwa kwenye mashine nyingine, msimpe mtu faili la Word peke yake. Weka tiki, sevu kama PDF, kisha ufungue hiyo PDF uitazame kwa macho yako. Mpangilio uleule ndio unaoamua rangi kuingia kwenye PDF, kwa hiyo tiki isipokuwepo PDF nayo itatoka nyeupe.

Mimi kwa kadi na vyeti sitegemei Page Color kabisa, hasa panapokuwa na picha. Picha iliyoingizwa kwa Fill Effects, iliyo ndani ya Page Color, hainyooshwi ikae sawa na ukurasa; ikiwa ndogo kuliko karatasi, Word inairudiarudia kama vigae vya sakafu, ua moja linageuka maua sita. Njia ninayoiamini ni kuiweka picha kwenye heda. Bofya mara mbili juu kabisa ya ukurasa heda ifunguke, ingiza picha, chagua Behind Text ili isisukume maandishi. Ipe upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7, ambavyo ndivyo vipimo vya A4, kisha kwenye Position weka sifuri kwa usawa na sifuri kwa wima, zote zikihesabiwa kuanzia Page, siyo Margin. Hakikisha picha yenyewe ina uwiano wa A4, la sivyo sura za watu zitavutika. Funga heda.

Picha itaonekana imefifia unapoandika. Msishtuke mkaanza kuongeza mwangaza; hivyo ndivyo Word inavyoonyesha vitu vya heda, na kwenye karatasi picha itatoka na rangi zake kamili. Ukurasa wa kwanza ukikosa picha wakati kurasa nyingine zinayo, tazama kama Different First Page imewekewa tiki. Picha ya heda inaenda na faili popote, haihitaji ruhusa ile ya Display.

Kuna mstari mweupe utakaobaki pembeni hata ufanye nini ndani ya Word. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuweka wino hadi ukingoni. Huacha milimita kadhaa kila upande. Baadhi ya printa za wino zina sehemu ya kuprinti bila ukingo, nanyi itafuteni kwenye mipangilio ya printa, siyo ndani ya Word. Kama haipo, mkasi ndio dawa. Kadi ya A5 ni milimita 148 kwa 210. Itengeneze iwe 154 kwa 216, yaani milimita 3 za ziada kila upande, iprinti katikati ya A4, halafu ukate. Msijaribu kubana mbili kwenye A4 moja kama rangi inafika ukingoni, maana A5 mbili zinaijaza A4 yote na ziada ya kukata inakosa pa kukaa.

Mteja akileta kitu cha kuprinti moja kwa moja kutoka kwenye intaneti na rangi zikapotea, ugonjwa ni huohuo. Kwenye Chrome fungua More settings katika dirisha la kuprinti, weka tiki kwenye Background graphics.

Kabla ya kubonyeza Print, mwulizeni mteja kama kweli anahitaji wino ujaze ukurasa. Karatasi nyepesi ikilowa wino mwingi inajikunja, na kwenye printa ya leza ya rangi nyeusi pekee krimu yake itakuwa vidoti vya kijivu. Kama ni rangi moja iliyopauka na maandishi meusi, ratiba ya ibada kwa mfano, mtoleeni kwenye karatasi ya rangi. Itapendeza zaidi na bei itakuwa chini. Ila kama kuna picha ya mtu, tumieni karatasi nyeupe. Printa za kawaida hazina wino mweupe, kwa hiyo shela ya bibi harusi kwenye karatasi ya njano itatoka ya njano.