Tochi ya dagaa haipimi mboni

Juzi zamu ya usiku nimemkuta mdogo wangu wa fildi, mwanafunzi wa uuguzi, anammulika majeruhi wa bodaboda kwa tochi ya kuchaji aliyonunua Makoroboi, mjini Mwanza, ile ya kuvutia dagaa. Mgonjwa kafumba, kakunja uso mzima, anaisukuma tochi kwa mkono. Yeye huyo anaandika PERRL, yaani mboni ziko sawa, ni za mviringo na zinaitika mwanga: zikimulikwa zinasinyaa. Nikamuuliza, umeziona wapi? "Zimeitika, dada." Haya, wanangu, kaeni.

1. Tochi kali inamfumbisha mgonjwa, na mng'ao wake juu ya jicho unaifunika mboni yenyewe. Macho yetu ni ya kahawia iliyokolea, mboni ilikuwa shida kuonekana tangu mwanzo.

2. Tazama mboni kwa mwanga wa wodi KABLA hujawasha. Hili nililipia.

Nilikuwa na miezi mitano kazini, upande wa Misungwi, msimu wa kupulizia pamba. Saa nane na nusu usiku wakamleta kijana kwa baiskeli: jasho linatiririka, mate yanamtoka, anaharisha, kifua kinakoroma. Umeme hakuna. Nikatoa tochi yangu kali, nilivyokuwa najivuna nayo! Mboni ndogo, zote sawa. Nikajisemea, si zimeitika mwanga? Nikaandika 3 mm, kama za kawaida, nikatundika dripu, nikahangaika na malaria kali. Nguo zake zilinuka dawa. Niliisikia ile harufu, niliisikia kabisa, nikadhani kwao wamepuliza mbu. Mapigo yalikuwa 48. Nikahesabu tena, nikailaumu saa yangu. Saa kumi na mbili na nusu akaingia mzee wetu tabibu. Hakuwasha kitu. Alimfunua kope pale dirishani, akanigeukia: "Sista, hizi ni tundu la sindano hata gizani. Ulitaka ziitike ziende wapi?" Sumu ya dawa ya pamba, organofosfeti, ndiyo iliyozibana. Atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, ikaanza palepale, nikiwa nimempotezea karibu saa nne nzima. Alipona. Mama yake akaniletea viazi vitamu kunishukuru. Nikavigawa vyote, sikuonja hata kimoja.

3. Kupunguza mwanga: plasta ya karatasi juu ya kioo, tabaka mbili au tatu. Ijaribu kwa jicho lako mwenyewe. Ukiweza kuitazama bila kufumba, inatosha. Au foili ya paketi ya vidonge, toboa katikati kwa sindano. Tochi ya betri tatu ndogo mpelekee fundi redio akufungie rezista ya omu 100: betri ni volti 4.5, taa nyeupe inakula kama 3, rezista inabeba zilizobaki. Usitegemee betri kuchoka. Mwanga wa leo utakuwa tofauti na wa jana, na chati yako haitakuwa na maana.

4. Mulika kutokea pembeni, sekunde mbili tatu, huku ukilitazama pia jicho lake la pili. Ukitaka kuhamisha tochi jicho hadi jicho kulinganisha neva za macho mawili, bandua tabaka moja, pale mwanga hafifu haufai.

5. Mboni zikipishana chini ya 1 mm na mgonjwa anaongea vizuri, omba picha ya zamani kwenye simu ya ndugu yake kabla hujamwamsha daktari. Wengine wamezaliwa hivyo. Mimi niliwahi kumwamsha.

Ile tochi yangu ya Misungwi nilimpa kaka yangu wa Igombe, anakwenda nayo ziwani. Analalamika haina nguvu.