Kunguru na kindi kwenye kisahani cha ndege

Dada, umesema kunguru na kindi wanamaliza chakula kabla shomoro na mnana hawajagusa. Kwanza acha kabisa kuweka mkate, ugali na mabaki ya wali. Hayo ndiyo yanayowaita kunguru. Weka ulezi au mtama, tena kiganja kimoja tu asubuhi.

Halafu kizungushie kisahani wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 4 hivi. Shomoro anapita, kunguru hapiti. Ila wavu ukae mbali na chakula, sentimita 15 au zaidi kila upande. Wangu wa kwanza niliubana sana, nikamkuta kunguru amening'inia ubavuni, kaingiza mdomo, anavuta punje mojamoja huku mnana wanalia mwembeni. Iliniuma kweli.

Kindi ni suala la nguzo. Tumia bomba la chuma, si mti, na katikati yake vika bati lililokunjwa kama pia, mdomo mpana chini. Nguzo iwe mita 3 kutoka ukuta au tawi lolote, maana anaruka huyo! Tafadhali usitege sumu, itawaua hao hao unaowapenda.