Lebo za ngazi au lebo huru: tulivyopanga hitilafu za programu ya mizani ya korosho

Kwa misimu mitatu, mimi na wenzangu wawili hapa Mtwara mjini tumekuwa tukitunza programu ambayo makarani wa vyama vya msingi huitumia kupokea korosho ghalani, na kilichotusumbua kuliko hitilafu zenyewe ni namna ya kuzipanga ili anayezitafuta azipate.

Tulianza na lebo za ngazi, yaani maneno mafupi yanayobandikwa kwenye kila hitilafu iliyoandikwa, kila moja ikiwa tawi la shina lake: mizani/risiti, mtandao/usawazishaji, malipo/makato. Mpango huo ulitupendeza mpaka Oktoba, minada ilipokaribia, karani mmoja wa Tandahimba alipotuarifu kwamba risiti ya kilo 83 imejirudia baada ya mtandao kukatika na kurudi. Mimi niliiandika chini ya mtandao/usawazishaji, kwa kuwa chanzo nilikiona huko. Mwenzangu, aliyepigiwa simu kutoka ghala jingine kuhusu tatizo hilohilo, aliiandika chini ya mizani/risiti, kwa kuwa alichoelezwa ni mkulima aliyesimama mbele ya karani na karatasi mbili zinazofanana mkononi. Kwa siku mbili tulirekebisha kitu kimoja katika sehemu mbili za msimbo, hakuna aliyejua la mwenzake, na marekebisho yake yakaharibu yangu. Mkulima anayesubiri hesabu ya mauzo yake hastahili kucheleweshwa kwa sababu kama hiyo, na jambo hilo liliniuma.

Tukahamia lebo huru, kila mtu akibandika neno aliloona linafaa. Msimu haujaisha tulikuwa na «mizani», «uzani» na «kupima» kwa jambo lilelile, na aliyechuja kwa neno moja aliyakosa yaliyokuwa chini ya mengine.

Ushauri wangu ni huu: kabla ya kuunda lebo, andika swali ambalo lebo hiyo inalijibu. Swali lenye jibu moja tu, kama vile aina ya tiketi (rekodi ya hitilafu au ombi moja) au uharaka wake, lipewe lebo yenye kitangulizi, mathalani «uharaka: leo». Swali linaloweza kuwa na majibu kadhaa, kama vile sehemu za programu zilizoguswa, libaki na lebo huru, ila zitoke katika orodha iliyokubaliwa, na anayetaka neno jipya aliombe kwanza. Risiti ile leo ingebeba «aina: hitilafu», «uharaka: leo», «mizani» na «mtandao» kwa pamoja, na kila mmoja wetu angeikuta.

Chombo unachotumia kutunza msimbo na tiketi, kama vile GitLab au GitHub, nacho kina lake. GitLab, katika toleo la kulipia, huiondoa yenyewe lebo ya zamani ukibandika nyingine ya kundi lilelile, yaani yenye kitangulizi kilekile, mradi kundi na thamani vitenganishwe kwa nukta pacha mbili (::). GitHub huliona jina lote kuwa maandishi tu. Sisi tuko GitHub, kwa hiyo kila Jumatatu mmoja wetu hupitia tiketi zilizo wazi na kuondoa lebo za uharaka zilizogongana.

Tiketi zilizokwisha kufungwa hatukuzigusa. Zilizo wazi tulizibadilisha lebo kwa mchana mmoja wa Februari, msimu ukiwa umekwisha na simu za makarani zimetulia.