Manjano sina ugomvi nayo, ndimu ndiyo iliyonibabua

Juzi usiku msomaji wangu wa Nachingwea kaniandikia: "Dada, harusi yangu Jumamosi ijayo. Manjano na ndimu nipake siku ngapi nitakate?" Nikaacha ugali unapoa. Nikamjibu: ndimu iache jikoni, hiyo manjano tutaongea.

Mwaka niliolewa, hapahapa Mtwara, nilijifanya mjuzi. Somo wangu, mama aliyenifunda, alisaga singo yake ya kunisugua mwili, ya liwa na manjano, akasema inatosha. Mimi nikaona inachelewa, nikaikamulia ndimu mbili kwa siri, nikajipaka uso, shingo na mikono. Nikanawa kijuujuu, nikapanda bodaboda kwenda Mikindani kwa fundi wa nguo. Saa saba mchana! Siku hiyo sikuona kitu. Kesho yake ngozi ikawaka moto, keshokutwa malengelenge shingoni, yamefuata michirizi ileile maji ya ndimu yalipotiririka. Wifi yangu mmoja (anajijua) akauliza mbele za watu nani kamwagia bibi harusi maji ya moto. Picha zote nimejitanda mtandio hadi kidevuni. Madoa meusi yalikaa miezi minne.

Daktari ndiye aliyenieleza: ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali iitwayo furokumarini, na jua likiipiga ikiwa juu ya ngozi, inaunguza.

Manjano je? Ile rangi yake ni kurkumini, na kweli ni antioksidanti, yaani kinga dhidi ya kemikali zinazochakaza chembe za mwili. Ila kwenye unga imo asilimia chache tu, mwanga unaiharibu, na kupenya ngozi ni shida. Ukitaka ikufute madoa kwa siku tatu, itaanza kwa kuzitia madoa foronya zako. Tena wapo inaowawasha, kwa hiyo paka kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili. Mimi napaka usiku, robo saa, naosha. Mwezi uliopita ngomani wanawake watatu wameniuliza natumia nini, wifi akiwemo. Nikamwambia nalala mapema.

Dada zangu, tuache haraka na tuache kusema cha asili hakidhuru. Upupu umetengenezwa kiwandani? Mafuta ya ganda la korosho yaliyowababua mama zetu vidole, nayo yalitoka dukani? Tuwasikilize masomo wetu!

Asubuhi msomaji akajibu: ndimu ameshapaka, ila bado hajatoka nje. Nikamwambia aoge kwa sabuni sasa hivi, na siku hiyo ashinde ndani.