Re: Ndege ya Mwanza imechelewa, nimekosa ya Dubai

Pole sana ndugu. Nilivyokuelewa, ndege ya kutoka Mwanza ilichelewa kwa saa tatu, ukafika Dar ya Dubai imeshaondoka, na sasa unaambiwa ununue tiketi upya.

Kwanza angalia namba ya buking: ni moja kwa safari zote, au mbili? Ikiwa moja, usinunue kitu, ni wajibu wa shirika la ndege kukupangia ndege nyingine.

Zikiwa mbili, hapo ndipo nilipoumia mimi. Shirika la pili lilinihesabu sikutokea, likafuta hadi tiketi ya kurudi! Wapigie sasa hivi, kabla hujalala, uombe ya kurudi ibaki. Kisha nenda kaunta ya waliokuchelewesha, udai barua yenye muhuri inayoonyesha saa mliyotua. Karatasi ile ndiyo iliyofanya nibadilishiwe tarehe kwa kulipa faini tu.