Mtoto ameanza kutembea na jiko liko koridoni: yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu uliyeuliza ufanyeje na mwanao wa mwaka mmoja na nusu ambaye kila ukiwasha jiko la mkaa koridoni analikimbilia, naomba nikujibu kwa urefu maana hili limenikuta na mpaka leo linaniuma.

Wengi waliokujibu wameongelea moto. Wangu hakuunguzwa na moto, aliungua na maji ya kuoga. Alikuwa na miaka miwili, tunakaa nyumba ya kupanga ya vyumba sita, asubuhi nawahi kazini, nimechemsha maji nikayamimina kwenye beseni nikatoka na ndoo kufuata ya baridi bombani, nje nikakuta foleni, yeye huku nyuma akaamka akaona beseni akajua ni muda wa kuoga kama siku zote, akatumbukiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Kile kilio nilikisikia nikiwa bombani na nilijua ni cha mwanangu.

Toka siku ile maji ya baridi ndo yanatangulia kwenye beseni, ya moto yanafuata, hata niwe nimechelewa vipi. Na hayakai chini bila mtu.

Kilichozidisha mambo ni dawa ya meno. Jirani yetu, mama mtu mzima, alikuja mbio kwa nia njema kabisa akampaka mkono mzima, mwingine anatafuta yai. Tulipofika zahanati nesi ilibidi kwanza aitoe ile dawa kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka ndipo aone kidonda kikoje, yaani mwanangu aliumia mara mbili kwa sababu hatukujua. Kinachotakiwa ni maji ya kawaida ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Ni nyingi aisee, tega simu, maana ukikadiria kichwani utaacha mapema. Kama maji yamekatika chota kwenye ndoo kwa kikombe umwagie taratibu, sehemu nyingine ya mwili mfunike asipigwe na baridi. Barafu usiweke. Nguo iliyolowa maji ya moto ivue haraka maana inaendelea kuunguza, ila iliyogandia kwenye ngozi iache, na bangili au kamba ya mkononi toa kabla hapajavimba. Malengelenge usiyatumbue. Baada ya hapo funika na kanga safi iliyofuliwa, uende hospitali, kwa mtoto mdogo usisubiri kesho hata kama unaona ni padogo.

Sasa jiko lako. Kaa sakafuni kabisa uwe kimo chake uangalie mikono inafika wapi. Mi nilipokaa niliona mpini wa kikaango umetokeza nje, kitambaa cha meza kinaning'inia na juu yake chupa ya chai, waya wa birika la umeme nao umeshuka mpaka chini, vitu ambavyo nikiwa nimesimama sikuwahi kuviona kabisa. Nikamwita fundi seremala akanitengenezea kizuizi cha mbao cha mlangoni kinachonifika kiunoni, kinafungwa kwa komeo upande wangu, mtoto ananiona na mi namwona lakini hafiki. Na jiko la mkaa hata likizimwa linabaki na moto muda mrefu, kwahiyo kizuizi kisitoke mpaka limepoa. Wakati wa baridi usije ukaliingiza chumbani mlale nalo, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua.

Umesema unataka kuhamia gesi, vizuri, ila ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake bado uko kimo cha mtoto, kizuizi utakihitaji vilevile. Gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni. Ukisikia harufu usiguse swichi, si kuwasha si kuzima, funga valvu, fungua mlango na madirisha, toka na mtoto. Kama unahisi mpira unavuja paka povu la sabuni uangalie mapovu, kiberiti kisikaribie hapo. Mafuta ya kula yakishika moto zima jiko, funika na mfuniko, usimwagie maji hata tone. Namba ya zimamoto hapa Tanzania ni 114, iandike ukutani hata dada wa kazi aione.

Beseni unaweza kuanza nalo kesho asubuhi. Kizuizi pima upana wa mlango wako uniandikie hapa, nikwambie kwangu zilitumika mbao ngapi.