Miguu Ikiwaka Moto, Usikimbilie Kopo la Vitamini

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nyayo zinaniwaka moto usiku, ulimi unauma, na nachoka hata siku ambayo sijafanya kazi. Naambiwa ni upungufu wa vitamini. Ninunue ipi?"

Usinunue yoyote kwanza. Nitaeleza kwa nini, maana njia hiyo naijua.

Mimi naishi na kisukari, na nakitunza vizuri. Natembea kila siku, napima, naandika kwenye daftari, na chakula ninachokula nakijua. Nasema hivyo kwa fahari kwa sababu nimekifanyia kazi. Basi ganzi ilipoanza kwenye vidole vya miguu, ikafuatiwa na ile hali ya kuchomwachomwa kama sindano, nilikwenda hospitali na daftari langu mkononi. Kabla sijamaliza kueleza nikajibiwa: "Ni sukari hiyo." Ni kweli kisukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Lakini daftari langu halikufunguliwa, na hilo linaniuma hadi leo.

Baadaye ukaja ulimi. Uligeuka mwekundu na laini, vile vinundu vyake vidogo vikapotea, hata kinywaji cha vuguvugu kikawa kinauchoma. Nikaanza kusahau mambo madogo. Nikitembea gizani nayumba, kwa kuwa nyayo hazinipi tena habari za ardhi. Walipopima damu waliona ni pungufu, nikapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Damu ikapanda, wakafurahi. Miguu ikazidi kuwa mibaya.

Hapo ndipo penye mtego ambao kila mwenye dalili hizi anapaswa kuujua. Asidi ya foliki na vitamini B12 hushirikiana katika utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. B12 ikipungua, foliki nyingi inaweza kuinua damu na majibu ya maabara yakapendeza. Mishipa ya fahamu haisaidiki kwa njia hiyo. Utando unaoikinga unaitegemea B12, na foliki haiwezi kuishika nafasi hiyo. Kwa hiyo unaweza kuambiwa damu yako ni nzuri huku uharibifu wa mishipa ya fahamu unaendelea, na ukiachwa muda mrefu haurudi wote.

Daktari aliyenisaidia hakuanza na swali la chakula. Aliuliza, "Unatumia dawa gani, na tangu lini?" Nikamtajia metformini, dawa ya kisukari niliyoimeza miaka mingi, na dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Akaagiza kipimo cha B12. Ilikuwa chini sana.

Mimi nakula mayai, samaki na nyama, vyakula vyenye B12 hiyohiyo. Kumbe kula ni mwanzo tu. B12 ya kwenye chakula imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo husaidia kuifungua. Tumbo hilohilo hutoa protini maalumu ya kuibeba hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na huko ndiko inakoingia mwilini. Dawa za kupunguza asidi huharibu mambo mwanzoni mwa safari hiyo, metformini huyaharibu mwishoni. Mimi nilikuwa natumia zote mbili! Kuna wengine ambao kinga ya mwili wao hushambulia tumbo, wengine wamekatwa sehemu ya tumbo au utumbo, na wengine hawagusi kabisa chakula kitokanacho na wanyama. Dalili zinafanana, chanzo mbalimbali.

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kutosha miaka. Ndiyo maana dalili huchelewa hivyo, na zinapokuja hakuna anayezihusisha na dawa iliyoanza zamani. Zamani upungufu huu ulikuwa unaua. Mwaka 1934 Whipple, Minot na Murphy walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao ya kutibu upungufu wa damu kwa ini, ambalo wagonjwa walilazimika kulila kwa wingi. Vitamini yenyewe ilitengwa mwaka 1948. Leo kuna sindano. Tusiteseke kana kwamba bado tuko enzi zile.

Na vitamini nyingine nazo ziulizwe swali hilohilo: imekosekana kwenye chakula, au mwili umeshindwa kuipokea? Fizi zinazovuja damu na vidonda visivyopona vinaweza kuwa dalili ya kukosa vitamini C. Kutoona vizuri giza linapoingia kunaweza kutokana na kukosa vitamini A, ambayo huhitaji mafuta ili ifyonzwe, hivyo mwenye ugonjwa wa ini au kongosho anaweza kula vizuri na bado akaikosa. Maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli huweza kuwa upungufu wa vitamini D, hasa kwa asiyepata jua. Pombe nyingi humaliza B1. Dalili pekee haitoshi kuhukumu, jamani. Uchovu una sababu nyingi mno. Na msidhani kumeza kila kitu ni usalama: vitamini A ikizidi hudhuru ini, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa hiyo andika dawa zako zote, hata zile za tumbo unazojinunulia bila cheti, na mwaka ulioanza kila moja. Omba B12 ipimwe kabla hujameza vidonge vyake, kwa sababu ukishaanza kumeza, majibu hubadilika na chanzo hujificha. Majibu yakiwa katikati, uliza kama kuna kipimo cha ziada. Ukiambiwa ni umri, ni mawazo, ni sukari, uliza tena kwa heshima: imepimwa? Usiache metformini kwa uamuzi wako mwenyewe, maana sukari ikipanda nayo itaimaliza miguu hiyohiyo.

Mimi bado nameza metformini. Sindano zimeurudisha ulimi wangu na kumbukumbu, na moto wa nyayo umezimika, ingawa ncha za vidole viwili hazijapata hisia. B12 yangu sasa inapimwa kila mwaka, na anayekumbusha ni mimi.